Fungu na Mlolongo: Hesabu Mbili za Njia ya Misafara ya Tabora

Katika elimu ya hesabu yako maswali mawili yafananayo kwa sura na kutengana kwa maana. La kwanza lauliza: katika vitu hivi vyaweza kutolewa mafungu mangapi ya kiasi fulani? La pili lauliza: vitu hivi vyaweza kufuatana kwa namna ngapi, kimoja kikiwa cha kwanza, kingine cha pili, kingine cha tatu? Wanafunzi wengi hulijibu la kwanza kwa kanuni ya la pili, au kinyume chake, na jawabu hutoka kubwa mno au dogo mno. Kosa hilo hudhaniwa kuwa la tarakimu. Kwa hakika ni kosa la kusoma, maana mwenye kukosea huwa amezidisha na kugawanya sawasawa, ila hakufahamu aliulizwa nini. Kwa sababu hiyo jambo lenyewe lawahusu wanalugha kama linavyowahusu wanahesabu.

Mfano wa karibu ni huu. Mtu akaaye Cheyo, mojawapo ya kata za mji wa Tabora, ana shughuli Gongoni, Kanyenye, Isevya na Ng'ambo, lakini siku moja yamtosha kufika mahali pawili tu. Akiulizwa ni mahali gani pawili atakapokwenda, ana majibu sita: Gongoni na Kanyenye, Gongoni na Isevya, Gongoni na Ng'ambo, Kanyenye na Isevya, Kanyenye na Ng'ambo, Isevya na Ng'ambo. Akiulizwa atapita wapi kwanza na wapi baadaye, majibu huwa 12, kwa kuwa kila jozi yaweza kutembelewa kwa namna mbili. Mahali hapakubadilika, wala mtu hakubadilika. Kilichobadilika ni swali. Na kipimo cha kulitambua swali ni kimoja: vitu viwili vikibadilishana nafasi, je, jambo limekuwa jingine, au ni lile lile? Likiwa lile lile, kinachohesabiwa ni fungu. Likiwa jingine, kinachohesabiwa ni mlolongo.

Maneno hayo mawili, fungu na mlolongo, yametumika hapa kwa makusudi, na sababu yake itaonekana mbele. Kwanza yafaa kutazama mahali ambapo hesabu zote mbili zilifanywa kila mwaka, tena kwa hasara na faida ya kweli, yaani njia kuu ya misafara itokayo pwani mpaka Unyanyembe.

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali palipo katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Wakati huo njia ilikwisha kuzoewa na Wanyamwezi, ambao ndio walioifungua kwa kupeleka pembe pwani, na baada yao Waarabu na Waswahili, waliofanya biashara ya pembe na ya watumwa. Hapakuwa na sarafu iliyokubaliwa njia nzima. Fedha ya safari ilikuwa nguo, yaani merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, pamoja na ushanga na masango ya shaba. Nguo zilipimwa kwa mkono, shuka na doti. Ushanga ulihesabiwa kwa khete, na khete 10 zilifungwa kuwa fundo moja. Mwenye msafara alilipa kwa vitu hivyo chakula cha watu wake, na kwa vitu hivyo alilipa hongo kwa kila mtawala ambaye nchi yake ilikuwa njiani.

Shida ya ushanga ndiyo inayofundisha zaidi. Burton aliandika kwamba aina zake zilikuwa kama 400. Henry Stanley, alipokuwa akijitayarisha Unguja mwanzoni mwa 1871, alikuta ya kwamba kila nchi ina mapenzi yake: ushanga mweusi ulikuwa fedha Ugogo na haukuwa kitu kwingine, sungomaji, ushanga mkubwa mfano wa yai, ulitakiwa Ujiji na kukataliwa katika nchi nyingine, ushanga mweupe ulifaa Ufipa na ukadharauliwa Ukonongo. Mfanyabiashara aliyechukua aina isiyopendwa alikuwa amewabebesha watu mzigo wa mawe.

Sasa na iwe kwamba mfanyabiashara amesimama dukani Unguja mbele ya aina nane za ushanga, na uwezo wake ni kununua aina tatu tu. Fundi wa hesabu atasema: ya kwanza ana njia nane za kuichagua, ya pili saba, ya tatu sita, nane mara saba mara sita ni 336. Lakini katika 336 hizo, mweusi na mweupe na mwekundu umehesabiwa mara sita, kwa kuwa kuna milolongo sita ya kuzitaja aina hizo tatu, na muuza duka hajali ni ipi iliyotajwa mbele. Fungu ni lile lile, na bei ni ile ile. Basi 336 zigawanywe kwa sita, ndipo yatakapobaki mafungu 56. Hiyo ndiyo hesabu ya dukani.

Lakini ushanga haukununuliwa ukae dukani. Huyo huyo mfanyabiashara, na aina zake tatu alizokwisha kuzinunua, akiwa na nchi tatu mbele yake, tuseme Ugogo, Ufipa na Ujiji, lazima aamue aina ipi itumike wapi. Mweusi wende Ugogo, mweupe wende Ufipa, sungomaji zende Ujiji. Hapa kubadilishana nafasi si mchezo. Akitoa mweupe mahali pa mweusi, na mweusi mahali pa mweupe, watu wake watalala na njaa mahali pawili. Namna za kugawa ni sita, na katika mfano huu moja tu ndiyo yenye faida. Vitu vile vile vilivyokuwa fungu vilipokuwa Unguja vimekuwa mlolongo vilipofika bara, na hakuna kilichoongezwa katika mizigo. Vitabu vya shule mara nyingi humfundisha mwanafunzi kutafuta ishara katika aina ya vitu, kana kwamba watu wa kamati ni fungu siku zote na tarakimu ni mlolongo siku zote. Mfano wa ushanga waonyesha kuwa ishara hiyo haitegemeki.

Kwa upande wa wapagazi mambo yalikuwa vivyo hivyo. Walipoandikwa kazi, hesabu ilikuwa ya fungu: watu kadhaa, mizigo kadhaa, kila mzigo kama frasila mbili, yaani ratili 70, na posho ya kila siku kibaba cha nafaka kwa kila kichwa. Katika daftari hiyo jina likiandikwa juu au chini ni mamoja. Lakini asubuhi ya safari, pembe ya barugumu ilipolia, watu hao hao walikuwa mlolongo, nao ulikuwa na sheria. Mbele alikwenda kirangozi, ambaye kwa Kiswahili cha leo ndiye kiongozi, na bendera nyekundu iliyokuwa alama ya msafara utokao Unguja. Burton aeleza kuwa haikuwa ruhusa kumtangulia. Aliyethubutu alinyang'anywa mshale, na kuupata tena hakukuwa bure. Nyuma ya kirangozi walifuata wachukuzi wa pembe za ndovu, wenye heshima kuliko wote, na kengele zikining'inia katika ncha za pembe. Halafu wachukuzi wa nguo na ushanga, na nyuma yao wenye vyombo vidogo vidogo: chumvi, tumbaku, majembe, vyungu, mikeka. Aliyekuwa mkiani alifika penye maji yaliyokwisha kuvurugwa, na wezi wa njiani walimwona yeye kwanza.

Uzito wa sheria hiyo waweza kupimwa kwa tarakimu. Watu kumi, bila sheria yoyote, waweza kufuatana kwa namna 3,628,800. Kirangozi akiisha kuwekwa mbele, waliobaki ni tisa, na namna zao ni 362,880. Na katika tisa hao, ikiwa watatu ni wa pembe, wanne ni wa nguo na wawili ni wa vyombo, na kila kundi halina budi kukaa mahali pake, basi watatu wajipanga kwa namna sita, wanne kwa namna 24, wawili kwa namna mbili. Jumla yake kwa kuzidisha ni 288. Kutoka zaidi ya milioni tatu na nusu mpaka 288: tofauti hiyo yote ni kazi ya desturi. Mwalimu atafutaye mfano wa mlolongo wenye masharti hana haja ya kwenda mbali.

Masharti mengine yalitoka vitani. Tabora ilikuwa njia panda: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, kusini-magharibi kwenda Ukonongo na Ufipa. Kwa karatasi, mtu mwenye nia ya kufika Ujiji, Karagwe na Ufipa ana milolongo sita ya kuchagua. Lakini mwaka 1871 vita vilianza kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo, mtemi wa Urambo, na njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa. Stanley alipoondoka Kwihara mwezi wa Septemba mwaka huo, alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda na Ukonongo ndipo akageukia Ujiji. Fungu la mahali pa kwenda halikupungua kwa vita hivyo. Ni milolongo iliyopungua.

Mwenyeji wa Burton katika Kazeh alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi, ambaye kwa habari ya Burton alianza maisha yake Maskati kama mtengeneza halua, na katika miaka 16 akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa. Baadaye aliuawa katika vita vya Mnywa Sere, mtemi aliyeondolewa Unyanyembe. Burton amsifu kwa kusoma vitabu vingi na kwa nguvu ya kukumbuka, na asema kuwa alisaidiwa naye katika kukusanya maneno ya Kiswahili na Kinyamwezi. Jambo hili la mwisho si dogo. Katika tembe moja ya Unyanyembe, mtu wa Oman alikaa akihesabu pembe na akichambua maneno. Hakuna haja ya kudai zaidi ya hapo. Lakini latoa nafasi ya kukumbuka kwamba mtu mwingine wa asili ya Oman, karne kumi na moja kabla yake, alikuwa miongoni mwa wanaotajwa katika historia ya kuhesabu mafungu na milolongo kwa ajili ya lugha.

Mtu huyo ni al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeishi Basra na kufariki kati ya mwaka 786 na 791. Washairi wa Kiswahili wamjua kwa athari yake hata kama hawalijui jina lake, maana ndiye aliyeiweka elimu ya arudhi, na arudhi ni neno lao la kila siku. Kazi yake nyingine ni kamusi iitwayo Kitab al-ʿAyn. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sehemu gani iliandikwa na Khalil mwenyewe na sehemu gani ilikamilishwa na mwanafunzi wake al-Layth, lakini mpango wake wajulikana. Khalil alitaka kamusi isiyoacha neno. Akaona kuwa mzizi wa Kiarabu ni herufi chache. Basi mwenye kupitia mafungu yote ya herufi, na katika kila fungu akapitia milolongo yake yote, hawezi kusahau kitu. Herufi alizipanga kwa mahali zitokapo kinywani, akaanza na ʿaini itokayo kooni. Kisha chini ya kila fungu aliweka milolongo yake pamoja, akieleza ule uliotumiwa na Waarabu na kutenga ule walioupuuza.

Kwa msomaji wa Kiswahili mfano bora ni fungu la ʿaini, lamu na mimu. Milolongo yake ni sita. Mmoja, ʿaini-lamu-mimu, ndio uliozaa elimu, alama, mwalimu na maalumu. Mwingine, ʿaini-mimu-lamu, ndio uliozaa amali na muamala. Katika mpango wa Khalil, elimu na amali hukaa mlango mmoja, kwa kuwa ni fungu moja. Lakini ni maneno mawili, kwa kuwa ni milolongo miwili. Wahubiri wa pwani hupenda kuyataja pamoja, na masikio husikia mlingano wa sauti bila kujua kuwa ni herufi zile zile zilizobadilishana nafasi.

Hesabu yenyewe imehifadhiwa. As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliinukuu katika kitabu chake al-Muzhir kama hesabu inayonasibishwa na Khalil: maneno ya herufi mbili 756, ya herufi tatu 19,656, ya nne 491,400, na ya tano 11,793,600, jumla 12,305,412. Mwenye mashaka aweza kuikagua. Herufi ni 28. Mafungu ya herufi tatu, bila kurudia herufi, ni 3,276; kila fungu lina milolongo sita; 3,276 mara sita ni 19,656. Tarakimu ni sahihi mpaka ya mwisho. Hapa fungu na milolongo havikuchanganywa: kwanza huhesabiwa fungu, kisha mlolongo ndani ya fungu, na neno ni mlolongo.

Karne nne na zaidi baada ya Khalil, Ibn Munʿim wa Marrakesh, aliyefariki mwaka 1228, alilirudia swali la maneno kwa ukamilifu zaidi. Lakini hakuanza na maneno. Alianza na shada za hariri: mtu ana hariri za rangi kumi, je, aweza kufanya shada ngapi za rangi mbili, ngapi za rangi tatu, na kuendelea mpaka kumi? Katika shada rangi hazina ya kwanza wala ya mwisho, na kwa hiyo Ibn Munʿim alipata hesabu ya mafungu matupu, akaipanga katika jedwali la pembe tatu lililokuja kupata sifa Ulaya karne nne baadaye kwa jina la Pascal. Baada ya kuimaliza hariri ndipo alipogeukia herufi. Utaratibu huo ni wa mwalimu mwema. Hariri ya Marrakesh na ushanga wa Unguja ni jambo moja: rangi zilizokusanywa, zisizo na foleni.

Yabaki kueleza maneno. Tangu 1967 hesabu katika shule za msingi za Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Na kwa kuwa sura ya hesabu hizi imo katika masomo ya sekondari, vijana wengi hukutana na majina yake mawili ya kigeni kabla ya kupewa la kwao. Majina hayo ya kigeni si msaada. Waingereza wenyewe huiita kufuli ya namba kwa jina la mafungu, ijapokuwa kila mwenye kufuli hiyo ajua kuwa akizipindua namba haifunguki. Lugha ikichukua kosa hilo kwa mkopo, italilipa kwa muda mrefu.

Wengi wakiulizwa jina la hesabu ya kwanza hutaja mchanganyiko. Neno hilo lina kasoro, maana kilichochanganyika kimeingiliana, kama maji na unga, wala hakitoki tena; na vitu vilivyochaguliwa havikuingiliana. Uteuzi ni bora, ila siku hizi masikio husikia uteuzi wa wakuu wa kazi, na wakuu wa kazi wana vyeo, yaani nafasi. Fungu halina lawama hizo. Mwuza nyanya apangapo mafungu sokoni, hakuna aulizaye nyanya ipi ni ya kwanza katika fungu. Na mnunuzi akizigeuza, fungu ni lile lile na bei ni ile ile. Maana ya hesabu imo katika neno tangu zamani.

Kwa hesabu ya pili, mpango umekwisha kuchukuliwa na serikali na maendeleo. Safu yavutia, lakini safu ya waumini msikitini ni bega kwa bega, na ndani ya safu moja aliye kulia hamtangulii aliye kushoto. Mwanafunzi mwerevu aweza kushika maana hiyo na kukosea kwa haki. Mlolongo ni watu wafuatanao mmoja nyuma ya mwingine, na hauwezi kufikiriwa bila wa mbele na wa nyuma. Ndivyo misafara ilivyokwenda katika njia nyembamba za Ugogo na Unyamwezi.

Tofauti hii yamhusu pia mwanahistoria, kwa sababu habari za njia ya Tabora zimejaa orodha, na orodha zote huandikwa kwa namna moja, jina baada ya jina. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Unyanyembe na kumwoa Karunde binti Fundikira, alieleza maisha yake kwa Kiswahili. Maelezo hayo yalichapwa tena mwaka 1958 na 1959 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Msimulizi kama huyo atajapo mahali alipopita, kwa kawaida mfuatano ni habari yenyewe: aliyehamisha jina moja ameigeuza safari. Atajapo mali au watu aliokuwa nao, mfuatano mara nyingi ni wa ulimi tu, na mwenye kujenga hoja juu yake amejenga juu ya pumzi ya msemaji. Vivyo hivyo orodha za wapagazi zilizoandikwa Unguja na Bagamoyo kwa ajili ya mishahara. Jina lililo juu ya karatasi ni la mtu aliyefika mbele ya karani asubuhi ile. Atakaye kujua ni nani aliyetangulia kuingia Kazeh hana budi kuuliza ni nani aliyechukua bendera, na ni nani waliochukua pembe.